Kabla ya Kutema Mate Kwenye Kichupa: Kipimo cha Jeni na Dawa za Sonona, kwa Watu wa Lamu na Malindi

Shangazi yangu wa Langoni, Lamu, alikuwa na miaka 58 alipoacha kwenda arusini. Mtu aliyekuwa hakosi shughuli, hata ya jirani wa mtaa wa tatu, akawa aketi uani tangu alfajiri hadi adhuhuri, mahamri yakipoa mbele yake. Nduguze wakasema ni kijicho. Akasomewa, akanywa kombe. Mimi sina ugomvi na kisomo, maana kilimtuliza kwa siku kadhaa. Lakini mwaka wa pili ulipoingia hali ikawa ile ile, akapelekwa kwa daktari, akaandikiwa amitriptilini, dawa ya sonona, miligramu 25. Siku ya nne, usingizi ukimlaza kutwa, akanipigia simu: “Mwanangu, dawa hii siili mimi, yanila yeye.”

Mimi huuza dawa Malindi. Nimesimama nyuma ya kaunta miaka mingi, na maneno kama hayo nimeyasikia kwa wateja wengi. Mmoja ameza kidonge kimoja alale hadi adhuhuri ya kesho, mwenziwe ameza vitatu asihisi kitu. Siku hizi watu huniuliza kuhusu kile kipimo cha mate kisemacho dawa ipi yamfaa nani. Kipo, ni cha kweli, na kwa baadhi ya watu kina manufaa. Lakini kimezungukwa na maneno mengi ya sokoni, kwa hivyo nitakieleza hatua kwa hatua kama nilivyomwongoza shangazi, pamoja na pale nilipokosea.

Kwanza, kipimo chenyewe ni nini

Fikiria gati ya Lamu asubuhi, mashua zatoka Mokowe zimejaa shehena. Makuli wakiwa wachache, magunia hurundikana mpaka watu wakose pa kupita. Makuli wakizidi, mzigo huondoka kabla mwenyewe hajaukagua. Ini lako ndiyo gati, dawa ndiyo shehena, na makuli ni vimeng'enya, vile vitu vya mwilini vinavyoivunja dawa ipate kutoka. Kwa dawa za sonona wawili ndio wakubwa wa kazi: mmoja huitwa CYP2D6, wa pili CYP2C19. Umerithi maagizo ya kuwatengeneza, yaani jeni, kutoka kwa baba na kwa mama, nakala moja kila upande. Kipimo husoma maagizo hayo, kisha hukuweka kwenye kundi: mvunjaji wa polepole sana, wa polepole kiasi, wa kawaida, au wa kasi sana.

Wa polepole hujaziwa dawa mwilini, madhara yakaja kwa dozi ndogo. Wa kasi sana huivunja dawa kabla haijafanya kazi, akaambiwa “wewe huli dawa vizuri” hali ameila kila siku.

Jambo hili si geni. Mwaka 1975 mwanasayansi Robert Smith, mjini London, alimeza yeye na wenziwe wa maabara dawa ya shinikizo la damu iitwayo debrisokwini. Wenziwe hawakupatwa na neno. Yeye presha ilimshuka vibaya hata kusimama ikawa shida. Hapo ndipo safari ya kumtambua CYP2D6 ilipoanzia.

Shika hili kabla hujaendelea: kipimo hakipimi huzuni. Hakisemi kama una sonona, wala hakisemi dawa ipi itakuponya. Husema tu ini lako litaipokea vipi dawa fulani.

Hatua ya 1: Hakikisha ni sonona, tena ya aina gani

Moyo mzito kwa wiki mbili na zaidi, kukosa hamu ya yale uliyoyapenda, usingizi kuharibika, chakula kukosa ladha, kujiona huna thamani: hayo mpelekee daktari au afisa wa kliniki. Mwambie pia kama uliwahi kupitia siku za kinyume chake, siku za moto, hulali wala huchoki, watumia pesa na kupanga miradi kumi kwa usiku mmoja. Mtu wa namna hiyo akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kupanda wazimu, na hakuna kipimo cha mate kitakachomwonya. Tezi ya shingo na upungufu wa damu navyo huiga sonona, na kuvipima ni rahisi zaidi kuliko jeni.

Kama mgonjwa ataja kufa, acha kusoma mwongozo huu. Mpeleke hospitali leo, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu karibu naye. Amitriptilini ikimezwa kwa wingi huua moyo, kwa hivyo nyumba yenye mgonjwa wa namna hiyo isiwekwe dawa ya miezi mitatu kabatini. Laini ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Zamani watu walificha kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu hicho ni kinyume cha katiba. Msifiche.

Hatua ya 2: Hesabu dawa ulizojaribu, na uzihesabu kwa haki

Wengi hufika kaunta na kusema, “Nimejaribu dawa zote, hazinifai.” Nikiwauliza, nagundua dawa zote ni mbili, moja ilikuwa ya siku tano.

Dawa ya sonona haihesabiwi kuwa imeshindwa mpaka iliwe kila siku, kwa dozi ya kutosha, kwa wiki nne hadi sita hivi. Madhara huja mwanzo na nafuu huja nyuma yake, na hapo ndipo wengi huangukia. Wiki ya kwanza ya fluoksetini tumbo huchafuka na usingizi hukatika, na moyo haujapata raha yoyote. Mtu aona amelipa pesa kununua ugonjwa wa pili.

Tatizo la dozi nalo ni kubwa kuliko watu wadhanivyo. Amitriptilini ya miligramu 25 usiku ni dozi ya kuanzia. Mtu wa maumivu ya neva au kipandauso aweza kutulia nayo. Wa sonona kwa kawaida huhitaji kupandishwa pole pole zaidi ya hapo, na nimewaona wateja waliokaa na 25 hiyo hiyo mwaka mzima, hakuna aliyeipandisha, hakuna aliyeuliza. Huyo jeni zake hazina lawama.

Basi chukua daftari. Andika jina la kila dawa, miligramu ngapi, tangu lini hadi lini, kilichokufanya uache. Kama hukumbuki, leta pakiti tupu. Daftari hilo litamfaa daktari hata kama hutapima kamwe.

Hatua ya 3: Amua kama kipimo chakufaa kweli

Nitasema nionavyo mimi. Mtu anayeanza dawa kwa mara ya kwanza, hana maradhi mengine, hahitaji kipimo hiki. Aanze dawa ya kawaida, aifuatilie vizuri. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao STAR*D, uliohusisha watu wapatao 4,000, karibu theluthi moja walipata nafuu kamili kwa dawa ya kwanza pasipo kipimo chochote cha jeni. Ndio, theluthi mbili hawakupata, na hapo ndipo kipimo huanza kuwa na maana.

Anayestahili kukifikiria ni yule aliyejaribu kwa haki dawa mbili zikashindwa, au aliyepata madhara makali kwa dozi ndogo, au mzee mwenye dawa nyingi ambaye daktari ataka kumpa amitriptilini au sitalopramu. Pia mtu ambaye ndugu yake wa tumbo moja amekwisha kupatikana kuwa wa polepole sana.

Usitarajie muujiza. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa wanajeshi wastaafu wa Marekani 1,944 wenye sonona. Wale ambao madaktari wao waliongozwa na kipimo walifanya vizuri zaidi kidogo ukichukua miezi sita yote kwa jumla, lakini ukiangalia wiki ya 24 yenyewe, makundi mawili yalikuwa yamekaribiana. Upande wa madhara habari ni njema zaidi: utafiti wa nchi saba za Ulaya uliotoka 2023, wenye watu karibu 7,000 na dawa za kila namna, si za sonona pekee, ulionyesha madhara yakipungua kwa asilimia 30 kwa wale walioongozwa na jeni. Kwa hivyo ukiniuliza faida iko wapi, nitakuambia iko zaidi katika kukwepa kuumizwa na dawa kuliko katika kuharakisha kupona.

Hatua ya 4: Orodhesha kila kiingiacho kinywani

Hapa ndipo nilipokosea kwa shangazi, na hapa ndipo pwani yetu ina mambo yake.

Kipimo husoma maagizo uliyozaliwa nayo. Hakijui jana umemeza nini. Kuna dawa na vyakula vinavyomfunga kuli mikono, hata mtu aliyezaliwa wa kawaida akageuka wa polepole kwa muda wote anaovitumia. Majibu yatasema “kawaida” na mwili utafanya vingine.

Omeprazoli, kidonge cha vidonda vya tumbo ambacho Malindi nzima hukinunua kama peremende, humfunga CYP2C19. Mtu anayekula sitalopramu pamoja nayo hujaziwa dawa. Mamlaka ya dawa ya Marekani imesema mtu wa namna hiyo asizidishe miligramu 20 za sitalopramu kwa siku, sawa na yule aliyezaliwa wa polepole na aliyevuka miaka 60, kwa sababu dozi kubwa huvuruga mapigo ya moyo.

Fluoksetini yenyewe humfunga CYP2D6, na kwa nguvu. Nimeona karatasi zenye fluoksetini asubuhi na amitriptilini usiku kwa mgonjwa mmoja. Wakati mwingine daktari amekusudia hivyo na amepunguza dozi. Wakati mwingine karatasi mbili zimetoka kliniki mbili zisizojuana. Uliza.

Miraa. Najua sote twamjua mtu. Tafiti kwa watu waliojitolea Ethiopia zimeonyesha kwamba miraa hupunguza kazi ya CYP2D6. Muguka ni mmea ule ule. Kisha miraa hukatiza usingizi na siku ya pili huangusha moyo, kwa hivyo mgonjwa wa sonona hupigwa mara mbili. Simwambii mtu awaache wenziwe barazani, namwambia amweleze daktari ukweli: fungu ngapi, siku ngapi kwa wiki.

Habasoda nayo, ikitumiwa kila siku kwa kiasi kikubwa, imeonekana kumlegeza CYP2D6. Kijiko juu ya mkate si neno. Kikombe cha dawa ya kienyeji kila asubuhi kitaje. Dawa ya malaria yenye lumefantrini pia humgusa CYP2D6, na terbinafini, kidonge cha fangasi wa kucha, humfunga kwa muda mrefu. Kwa upande mwingine, rifampisini ya kifua kikuu na kabamazepini ya kifafa huongeza baadhi ya makuli, na dawa ikaisha mapema.

Tramadoli nitaitaja peke yake, kwa sababu vijana wa pwani wamezama humo na wazee hupewa kwa magoti. Ikikutana na dawa za sonona kama fluoksetini au sertralini yaweza kuleta tetemeko, jasho, joto kali na kuchanganyikiwa, na hiyo ni dharura. Tena tramadoli humhitaji CYP2D6 ili iwe na nguvu ya kutuliza maumivu. Fluoksetini imemfunga, kwa hivyo maumivu hayapungui, mgonjwa aongeza kidonge, hatari yazidi.

Shangazi nilimuuliza dawa zake akanitajia ya presha tu. Omeprazoli hakuiona kuwa dawa. “Ile ni ya tumbo,” akasema baadaye.

Hatua ya 5: Mhoji mwenye maabara kabla ya kulipa

Usitarajie kipimo hiki kwenye maabara ya mtaani ya malaria na choo. Kawaida kichupa husafirishwa mbali, na bei yake si ndogo. Uliza bei yote mwanzo, pamoja na usafirishaji. Usidhani kadi ya SHA, bima ya afya ya serikali, itakilipa, uliza kwa maandishi.

Kisha uliza swali ambalo wengi hawalijui: “CYP2D6 mnatafuta aina zipi?” Jeni hii ina namna nyingi, nazo huandikwa kwa nyota na namba. Vipimo vingi vilianza kwa kuwatazama Wazungu, ambao kilema chao cha kawaida ni *4. Afrika iliyoenea ni *17, na *29 nayo, ambazo hupunguza kasi ya kimeng'enya. Maabara isiyozitafuta hukuandika “wa kawaida” kwa sababu haikuona ilichokuwa haikitafuti. Uliza pia kama wanahesabu idadi ya nakala, kwa kuwa wavunjaji wa kasi sana huwa wamerithi nakala za ziada. Katika utafiti wa Ethiopia uliochapishwa 1996, asilimia 29 ya watu walikuwa na nakala za ziada.

Na sisi watu wa pwani, nani atatukisia? Kaskazi imeleta wa Hadhramaut, wa Oman, wa Gujarati, kusi imewarudisha baadhi na baadhi wakaoa wakakaa. Nyumba moja ya Mkomani yaweza kuwa na *17 ya bara, *41 ya Uarabuni na *10 ya mashariki ya mbali, zote mezani kwa futari moja. Anayekuambia “Mwafrika huwa hivi” anakisia. Afadhali asome.

Swali la tatu: nani atanieleza majibu? Kama jibu ni “utatumiwa kwa barua pepe,” tafuta kwanza daktari aliyekubali kuyasoma nawe. Na kama muuzaji akuahidi kukuonyesha “dawa yako kamili”, au akuuzia kipimo pamoja na vidonge vya vitamini kwa sababu ya jeni iitwayo MTHFR, shuka ngazi urudi nyumbani. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya hadharani juu ya vipimo vinavyodai kutabiri mgonjwa ataitikiaje dawa pasipo ushahidi, na dawa za sonona zilitajwa kwa jina.

Mwisho, siri. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inahesabu habari za jeni kuwa data nyeti, na ni haki yako kuuliza sampuli itawekwa wapi, kwa muda gani, na nani ataiona. Soma fomu kabla ya kutia sahihi. Binamu yangu aliuliza swali ambalo kila mtu nyumbani alikuwa nalo rohoni: posa ya mwanawe ikija, je, karatasi hii yaweza kusomwa kama cheti cha wazimu wa ukoo? Hapana. Inasema habari za ini. Mtu mzima wa akili na mgonjwa waweza kuwa na majibu sawasawa. Hata hivyo si lazima karatasi izunguke kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Hatua ya 6: Toa mate

Hii ni rahisi. Nusu saa kabla usile, usinywe, usivute, usitafune miraa wala tambuu. Kama ni kijiti cha pamba, sugua ndani ya shavu, si ulimi, kwa muda walioagiza. Kama ni kichupa, jaza mate hadi mstari, povu lisihesabiwe. Andika jina na tarehe hapo hapo, kabla hujachanganya na cha ndugu yako. Watokao Lamu wasikiache kichupa juani kwenye mashua wala kwenye dirisha la basi hadi Malindi. Kifunge ndani ya mfuko, mahali pakavu penye kivuli.

Mwezi wa Ramadhani wengine hupenda kutoa mate kabla ya futari kwa kuwa kinywa ki kitupu. Kitabibu ni sawa. La saumu muulize sheikhe wako.

Hatua ya 7: Soma majibu ukiwa na daftari mkononi

Karatasi nyingi huja na rangi: kijani, manjano, nyekundu. Watu hukimbilia kijani kana kwamba ni taa ya barabarani. Kijani yamaanisha tu kwamba jeni zilizosomwa hazikuonyesha tatizo na dawa hiyo. Haimaanishi itakufaa. Na nyekundu haimaanishi sumu, huenda ni dozi tu ya kupunguzwa. Kama unaila dawa ya nyekundu na una raha nayo, usiiache kwa ajili ya karatasi.

Ruka rangi, tafuta mistari miwili: CYP2D6 na CYP2C19, na neno la kundi mbele yake. Kuna karatasi zitakazoongeza jeni za serotonini kama SLC6A4 na HTR2A kwa picha nzuri. Jopo la kimataifa la CPIC, linaloandika miongozo ya dawa na jeni, lilizitazama katika mwongozo wake wa 2023 na halikutoa pendekezo lolote la dawa kwa ajili yake, kwa kuwa ushahidi haukutosha. Nami sizisomi.

Ya shangazi ilisema hivi: CYP2D6 *17 mbili, moja kila upande, mvunjaji wa polepole kiasi. CYP2C19 ya kawaida. Maabara isiyotafuta *17 ingemwandika wa kawaida kote kote, na sisi tungesema anajidekeza.

Lakini hata hivyo hesabu haikukaa sawa. Polepole kiasi haitoshi kumlaza mtu siku nzima kwa miligramu 25. Ndipo nikafungua tena daftari na daktari, na ndipo omeprazoli ikatoka mkobani. Amitriptilini ina milango miwili ya kutokea: CYP2C19 huigeuza kuwa nortriptilini, kisha CYP2D6 huzivunja zote mbili. Mlango mmoja shangazi alizaliwa nao nusu wazi. Wa pili alikuwa akiufunga mwenyewe kila asubuhi kabla ya chai. Karatasi ya jeni peke yake isingetuambia hilo, na orodha ya dawa peke yake pia.

Kwa kukupa picha ya jinsi daktari atakavyotumia majibu: mvunjaji wa polepole sana wa CYP2D6 hushauriwa kuepuka amitriptilini ya dozi ya sonona, au kuanza na nusu yake. Wa polepole kiasi hupunguziwa kama robo. Wa kasi sana wa CYP2C19 hutafutiwa dawa nyingine badala ya sitalopramu na esitalopramu. Haya ni ya kujua, si ya kujiandikia.

Hatua ya 8: Badilisha dawa pole pole

Usikate dawa siku majibu yalipofika. Paroksetini na venlafaksini zikikatwa ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu na kama shoti za umeme kichwani. Fluoksetini ina tabia nyingine: hukaa mwilini wiki kadhaa baada ya kidonge cha mwisho, na bado imemfunga CYP2D6. Ukianza dawa mpya wiki ya pili, ianzie chini.

Shangazi aliacha omeprazoli kwa idhini ya daktari, amitriptilini ikapunguzwa, akaanzishwa sertralini miligramu 25, baada ya wiki moja 50. Wiki ya tatu hakuna kitu. Wiki ya tano akaniuliza kama bei ya samaki Malindi imepanda, na mimi nikajua, kwa kuwa miaka miwili hakuwa ameuliza bei ya chochote.

Kwa aliye chini ya miaka 25, wiki za kwanza za dawa yoyote mpya ya sonona zahitaji macho ya watu wa nyumbani, maana mawazo ya kujidhuru yaweza kuzidi kabla hayajapungua. Ramadhani ikikukuta, dawa ya mara moja kwa siku huhamishwa daku au futari, na ya usingizi baada ya tarawehe. Panga na daktari wiki mbili kabla ya mwezi kuandama. Na mazungumzo na mshauri, kutoka nje, kulala kwa saa, kurudi arusini, hayo yote yaendelee. Shangazi alianza na hitima ya jirani, akakaa nusu saa akarudi.

Hatua ya 9: Iweke karatasi

Jeni hazibadiliki, kwa hivyo kipimo hakirudiwi kila mwaka. Piga picha, toa nakala mbili, moja mpe daktari wako. Majibu ya CYP2D6 yatahitajika siku ukipewa kodeini au tramadoli baada ya upasuaji, kwa kuwa mvunjaji wa kasi sana hugeuza kodeini kuwa mofini kwa haraka ya hatari, na wa polepole sana haimtulizi. Mwanamke atakayepewa tamoksifeni ya saratani ya matiti aitaje pia, na ataje kama yuko kwenye fluoksetini au paroksetini. Ndugu wa tumbo moja waweza kufanana au kutofautiana, kwa hivyo wasiazimane karatasi kama waazimanavyo buibui.

Ya shangazi imo ndani ya sanduku la Kihindi pamoja na hati ya nyumba. Nakala yake iko kwenye simu yangu. Huiita karatasi ya mate, na kila akienda hospitali hunipigia kwanza: “Niambie tena, ile nyota kumi na saba yasemwaje?”